Pima Jumatatu

Mpanda,
17 Oktoba 2022

Shemeji Odeta,

Salamu kutoka huku. Mimi na Emelyne ni wazima. Nimekupigia simu tena wiki tatu sasa, inaita mpaka inachoka yenyewe. Basi nimeamua kuandika kama watu wa zamani, na barua nampa Masele anayekuja Kabungu kununua mahindi. Simu unaweza kuikata, Masele huwezi.

Wazee wa Rumonge wameleta neno kutoka Burundi. Kuganduka kwa mama, kumaliza matanga yake, ni Jumapili tarehe 20 Novemba, na wameona tumwondolee msiba na kaka Dieudonne siku hiyohiyo, kwa kuwa walifuatana mwezi mmoja. Mtoto wa kiume niliyebaki ni mimi, kwa hiyo mimi ndiye wa kumwaga pombe. Mila yetu unaijua. Asiyekuwepo siku ya kuganduka, msiba unabaki mgongoni mwake, na mwenye msiba hatoi binti. Emelyne anaolewa tarehe 17 Desemba. Wakwe ni Wasukuma wa kule Ugalla, wameniambia, "Mzee, mama yako alishazikwa, sasa unamngoja nani?" Nimeshindwa hata kuwaeleza.

Meli itapita Karema Ijumaa tarehe 18, saa sita mchana. Wanataka vyeti vya afya ndipo mtu apande, na Burundi wanavikagua tena mtu anaposhuka. Huku mjini kila mtu ana lake. Mmoja anasema kadi ya manjano inatosha. Mwingine anasema kipimo cha korona. Wa tatu anasema siku hizi hawaangalii, twende tu. Wewe sasa ni mhudumu wa afya, unashinda na manesi pale zahanati. Niambie ninatakiwa na nini, na nipime siku gani. Nitafanya utakavyosema.

Shemeji yako,
Leonidas


Kabungu,
22 Oktoba 2022

Shemeji Leonidas,

Barua nimeipata. Masele alisubiri nimalize kupepeta karanga ndipo akanipa, akasema umemwagiza aone kwa macho yake kwamba nimeifungua. Nimeifungua.

Nami nitakwenda Rumonge. Mume wangu anaondolewa msiba, siwezi kubaki nyuma.

Kadi ya manjano ni lazima. Sindano uichome mapema, siku kumi kamili zipite kabla ya kupanda meli, la sivyo kadi haina kazi. Hati ya kusafiria iwe haijaisha. Jina la kwenye kadi liwe lilelile la kwenye hati. Habari ya kipimo nitakuandikia nikishauliza vizuri, maana sheria zinabadilika na sitaki kukuambia jambo la kubahatisha.

Na mimi nina swali. Mwaka jana, mama alipozidiwa, Dieudonne alikuuliza hilohilo unaloniuliza leo. Ulikuja hapa na baiskeli, ukamwandikia kwenye karatasi ili asisahau. Unaikumbuka siku ile?

Bado anaingia kichwani mwangu kwa vitu vidogo. Jana nilikuta ganda la karanga kwenye mfuko wa shati lake la kazi. Alikuwa akimenya anaweka maganda mfukoni ili nisifagie mara mbili.

Odeta


Mpanda,
27 Oktoba 2022

Shemeji,

Asante. Sindano nimechoma jana, mkono umevimba kama andazi. Emelyne ananicheka, anasema baba analia kwa sindano ya watoto.

Unaniuliza kama naikumbuka siku ile. Naikumbuka. Ulipika ugali na kisamvu, na kaka akatoa asali ambayo dada yako Rozalia alikuwa ameleta. Mimi nikaimaliza. Akaniambia, "Leo, hiyo ilikuwa ya mwezi mzima." Hakuna mtu mwingine aliyekuwa akiniita Leo. Karatasi nilimwandikia haraka kwa sababu mvua ilikuwa inakuja na baiskeli haikuwa na breki. Fundi wa baiskeli anaendesha isiyo na breki, alinisema kwa hilo pia.

Jinsi ilivyotokea baadaye ni mapenzi ya Mungu, shemeji. Homa haipigi hodi. Walimkuta na joto pale bandarini wakamrudisha, na kumbe ugonjwa ulikuwa umeshaingia. Angekuwa mzima angevuka na mama angemwona. Mimi nilitangulia na meli ya Kigoma wiki ile kwa sababu mzigo wangu wa vipuri ulikuwa kule. Mama alipofumbua macho aliniuliza, "Mkubwa yuko wapi?" Nikamwambia anakuja. Nilimwambia hivyo siku kumi na tisa, mpaka nilipopata habari ya kaka, na baada ya hapo nikaendelea kumwambia hivyohivyo.

Nangoja neno la kipimo.

Leonidas


Kabungu,
30 Oktoba 2022

Dada Rozalia,

Nakuandikia wewe kwa sababu nikikaa na jambo hili peke yangu nitapasuka.

Unakumbuka nilivyokuambia kwamba Dieudonne alirudishwa Karema, akangoja meli nyingine, akalala kwenye kibanda cha kuanikia dagaa mvua ikimnyea, na akaletwa kwangu juu ya lori akiwa hajui hata jina langu. Yote hayo ni kweli. Lakini kuna kitu sikumwonyesha mtu. Nilipofua koti lake nilikuta cheti chake cha kipimo. Majibu yalikuwa safi, hana ugonjwa. Juu yake wamegonga muhuri mwekundu: MUDA UMEPITA.

Homa ilimpata kwenye kibanda. Alipofika kwenye ngazi ya meli alikuwa mzima, saa zake tu ndizo zilikuwa zimeisha. Meli wanataka saa sabini na mbili, na wanahesabu tangu kijiti kinapoingia puani. Hayo nimeyajua nilipoanza kazi ya zahanati. Kwenye karatasi ya Leonidas imeandikwa vingine. Ninayo, imekunjwa ndani ya Biblia. Inasema: "Pima Jumatatu asubuhi, usihangaike. Saa zinahesabiwa toka cheti kitoke, siyo toka upimwe. Ijumaa unapanda bila shida."

Nilidhani alikosea. Lakini yeye alipima lini? Alivuka siku zilezile na hakurudishwa. Basi alijua. Alitaka mama amwone yeye peke yake, kwa mara moja maishani awe mkubwa. Na sasa ananiandikia kwamba kaka yake alirudishwa kwa joto. Ananiandikia mimi, niliyelifua lile koti.

Sasa ananiuliza apime siku gani.

Nitamrudishia maneno yake mwenyewe, neno kwa neno, sitaongeza nukta. Akishtuka, nitajua anajua, na atajua kwamba najua. Asiposhtuka, basi aende akasimame pale aliposimama mume wangu. Na Jumapili wazee watakaposema mwenye neno na aseme, nitasimama na zile karatasi mbili niwasomee wote.

Mdogo wako,
Odeta


Ugalla,
3 Novemba 2022

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa na moshi wa mizinga machoni, nikadhani moshi ndio unaniliza.

Mimi huyo shemeji yako sijampenda tangu alipomaliza ile asali. Mtu anayelamba kijiko cha mwenzake mbele ya mwenye kijiko, mwangalie. Kwa hiyo usitegemee nikuambie mwachie Mungu. Mwache alale na dagaa wiki mbili, atoke ananuka, tuone kama kuna mwali atakayeolewa.

Ila nina maneno mawili. La kwanza, yule mwali ni Emelyne, uliyemlea miaka minne mama yake alipofariki, aliyekuwa hali uji mpaka Dieudonne aufanye upige mluzi kwanza. Umemweka wapi katika hesabu yako? La pili, Dieudonne alikufa kwa kile kibanda. Je, na huyu akifa?

Ukishayajibu hayo mawili, fanya unachotaka. Nami sitakuuliza tena.

Rozalia


Kabungu,
5 Novemba 2022

Shemeji Leonidas,

Nimeuliza kama nilivyokuahidi. Habari ya kipimo ni hii, nimekuandikia kwenye karatasi ili usisahau:

Pima Jumatatu asubuhi, usihangaike. Saa zinahesabiwa toka cheti kitoke, siyo toka upimwe. Ijumaa unapanda bila shida.

Isome vizuri. Isome hata mara mbili. Kama kuna neno lolote linalokusumbua humo, niandikie kabla ya Jumatatu. Masele yuko Mpanda mpaka Ijumaa.

Chukua koti. Karema mvua imeanza.

Odeta


Mpanda,
9 Novemba 2022

Shemeji Odeta,

Nimeisoma mara mbili kama ulivyosema, na Emelyne ameisoma mara ya tatu kwa sauti. Hakuna linalonisumbua. Imeeleweka kabisa kuliko watu wote niliowauliza mjini. Nimeibandika ukutani pale dukani, juu ya matairi.

Jumatatu saa tatu asubuhi nitakuwa wa kwanza kwenye foleni.

Nilikuwa naogopa umenikasirikia. Mwaka mzima hukupokea simu, nami sikujua kosa langu. Sasa moyo umetulia. Tutavuka pamoja, na mimi nitabeba begi lako.

Leonidas


Rumonge,
21 Novemba 2022

Dada Rozalia,

Nimefika. Mume wangu ameondolewa msiba jana. Nimenyoa, nimevua nguo nyeusi. Watu wa huku wamenipokea vizuri, wananiita mke wa mkubwa.

Nitakuambia yaliyotokea Karema kwa kifupi, maana kwa kirefu siwezi.

Tulisimama kwenye mstari mmoja. Alikuwa amebeba begi langu kichwani. Mimi nilitangulia, cheti changu cha Jumatano kikakubaliwa. Akafuata yeye. Yule afisa akaangalia karatasi akasema, "Mzee, hii imepita. Ulipimwa Jumatatu."

Leonidas akacheka. Alicheka, dada, kama mtu anayemsahihisha mtoto. Akasema, "Hapana, kijana wangu. Saa zinahesabiwa toka cheti kitoke. Kimetoka Jumatano. Angalia hapa." Akaanza kuhesabu kwa vidole. Afisa akamwambia hawahesabu hivyo. Yeye akahesabu tena, polepole, kwa kumsaidia. Watu nyuma wakaanza kulalamika, mmoja wa Mpanda anayemfahamu akasema, "Babu, shuka, meli siyo duka la baiskeli." Ndipo akanigeukia mimi nikiwa juu ya ngazi. Akasema, "Shemeji, waambie. Wewe ni mtu wa zahanati, waambie."

Sikusema kitu. Nilishika chuma cha ngazi.

Akanipandishia begi kwa mkono, akasema nisichelewe kwa ajili yake. Afisa akagonga muhuri. Nilikuwa nimeingoja sauti ya muhuri ule mwaka mzima.

Meli ilipoondoka alikuwa bado anasoma kile cheti, anakigeuza huku na huku. Na hapo ndipo nilipoelewa, dada, nikakaa chini juu ya mzigo wa mtu. Mwongo anaukumbuka uongo wake. Huyu alipewa maneno yake mwenyewe akayabandika ukutani. Akayatetea mbele ya watu. Hakujua mwaka jana, na hajui mpaka leo.

Wazee waliposema mwenye neno na aseme, nilikuwa na karatasi mbili chini ya kitenge. Nilibaki nimekaa. Wakauliza Leonidas yuko wapi, nikasema cheti chake kimeisha muda. Wakaguna. Pombe akamwaga binamu, na kwake Leonidas msiba umebaki.

Umesema hutaniuliza tena. Usiniulize.

Odeta


Kabungu,
5 Desemba 2022

Dada,

Nimerudi tangu Ijumaa. Leonidas hajaandika. Nimepiga simu yake mara kumi na moja, haiiti kabisa. Masele anasema duka limefungwa, na jirani amemwambia mzee alibaki Karema kungoja meli ya pili. Wiki mbili na nusu sasa. Mvua hii unaiona.

Leo lori la dagaa limesimama hapa barabarani kubadili tairi. Nilitoka nikaenda kuchungulia nyuma. Dereva akaniuliza, "Mama, unatafuta nini?" Nikamwambia natafuta dagaa. Nikanunua fungu ambalo siwezi kulila.

Odeta


Mpanda,
8 Desemba 2022

Shemeji Odeta,

Nimefika nyumbani jana. Simu iliingia maji. Nilipata malaria, lakini mama mmoja wa pale Karema, Nyanzala, mke wa mvuvi, aliniona kwenye kibanda cha dagaa akanitoa kwa nguvu akanilaza kwake. Sasa mimi ni mzima, nimekonda tu. Meli ya pili ilipita nikiwa sijiwezi.

Nina jambo zito, nakuomba ulisome ukiwa umekaa.

Siku ya tatu nilikwenda kumwomba msamaha yule afisa kwa kubishana naye. Akanieleza vizuri, na akanionyesha sheria yenyewe imebandikwa kwenye mlango: saa zinahesabiwa toka unapochukuliwa kipimo. Akasema mwaka jana pia ilikuwa hivyohivyo, na wengi walirudishwa. Shemeji, nilimwomba anisomee tena. Maana nilikumbuka siku aliyopima kaka. Ilikuwa Jumatatu. Mimi ndiye niliyemwambia Jumatatu. Hayo maneno niliyasikia kwa mtu aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni ya hospitali hapa Mpanda, amevaa koti jeupe, nikadhani ni daktari. Sasa sijui hata kama hakuwa muuza nyama. Mimi mwenyewe nilipimwa Kigoma nikapanda kesho yake, kwa hiyo sikujua. Na waliponiambia amerudishwa, nikajisemea ni homa. Sikuuliza. Mwaka mzima sikuuliza, labda kwa sababu niliogopa jibu.

Basi kaka nilimuua mimi.

Na wewe, maskini, uliyajifunza kwangu. Nimekaa nikifikiri ulikoyatoa yale maneno, nikaona hakuna kwingine: ni ile karatasi yangu, uliitunza, ukaiamini. Ni bahati tu kwamba zahanati walikupangia Jumatano. Nisamehe kwa kukufundisha uongo. Usijilaumu kwa mimi kukosa meli. Hilo ni langu, limenirudia mwenyewe.

Harusi ya Emelyne nimeisogeza. Nimewaambia wakwe mimi ndiye mwenye msiba. Emelyne amelia siku moja, kisha akaniuliza, "Mama mkubwa hajambo?"

Leonidas


Kabungu,
12 Desemba 2022

Leonidas,

Nimeisoma nikiwa nimekaa. Sasa na wewe kaa.

Sikukosea. Ile karatasi niliitunza, hapo umepata, lakini sikuiamini. Sheria niliijua vizuri. Nilipima Jumatano kwa makusudi na nikakuambia Jumatatu kwa makusudi. Nilinakili maneno yako neno kwa neno, na karatasi yako ilikuwa wazi mezani, mbele yangu. Ulipoomba niwaambie, nilikuwa na jibu mdomoni nikalimeza. Nilikuambia uchukue koti kwa sababu nilijua utalala wapi.

Nakutumia vitu viwili humu ndani. Cheti cha kaka yako chenye muhuri, na karatasi yako. Vimekaa kwangu mwaka mzima kwa siri, na siri hiyo ndiyo iliyofanya nisipokee simu. Ningekuonyesha siku uliyorudi kutoka Rumonge, ungelia mbele yangu, na mimi ningejua siku ileile. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka mtu wa kumchukia, na wewe ulikuwa karibu.

Sikuombi msamaha leo. Itakuwa kama kukudai kitu. Na nisikudanganye tena: kuna sehemu yangu ambayo bado inatamani ungekuwa mwongo. Nilikaa vizuri na chuki ile. Ilikuwa inaniamsha asubuhi. Sasa naamka naona tu shati lake ukutani.

Umeandika kwamba ulimuua. Mwenye koti jeupe alisema asilolijua, ukalibeba, kaka yako akalifuata. Mimi peke yangu ndiye niliyelijua.

Nimewaandikia wazee wa Rumonge ujumbe wa simu. Nimewaeleza yote, na jina langu nimeweka chini. Wamekubali siku nyingine ya kuganduka kwa ajili yako peke yako, Jumapili tarehe 22 Januari. Meli inapita Karema Ijumaa tarehe 20, saa sita mchana. Kadi yako ya manjano bado inafaa. Nitakuwa pale bandarini, ukitaka nivuke nawe au ukitaka nisimame chini nikuangalie unavyopanda. Uchague wewe. Mwambie Emelyne mwenyewe, au uniache nimwambie mimi. Afadhali mimi.

Siku ya kupima ni hii. Usiniamini. Nenda zahanati yoyote uulize, kisha uulize na ya pili, na yule afisa wa Karema unamfahamu sasa.

Pima Jumatano. Saa zinahesabiwa toka kijiti kinapoingia puani.

Hayo ni maneno yangu, siyo yako.

Odeta